Mkebe Uendao Lodwar

Barua iliyo mezani pangu leo imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Si ndefu. Mumewe ni mwalimu wa shule ya upili na huu ni mwaka wa tatu tangu apewe uhamisho kwenda Lodwar. Yeye na watoto wawili wamebaki mjini kwa sababu ya masomo. Kila usiku saa tatu simu hulia, na anasema hilo hasa ndilo linalomuumiza: simu ipo, maneno hayapo. "Ananiuliza kama karo imefika, namuuliza kama ametuma ya kodi, tunaambiana bei ya gesi, kisha tunatakiana usiku mwema kama karani na mteja," ameandika. Sasa amewaza kumwokea biskuti na kumtumia kwa basi. Mama mkwe wake, ambaye anaishi nao, alicheka na kusema mwanamume mwenye ndevu hatumiwi biskuti kama mtoto wa bweni. Swali lake kwangu ni moja: je, atakuwa amejifanya mjinga?

La hasha, dada yangu, hujajifanya mjinga. Lakini kabla hujawasha jiko, nenda ukakae na mama mkwe wako, umwamkue kwa heshima, kisha umuulize yeye alikuwa akimtumia nini baba mkwe wako wakati alipokuwa akifanya kazi mbali. Nina hakika hatakosa jibu. Kina mama wa rika lake walikaa mashambani miaka na mikaka huku waume zao wakiwa Nairobi, Mombasa, au katika mashamba makubwa ya majani chai. Basi la asubuhi lilipoondoka lilibeba mkungu wa ndizi, gunia la viazi, kuku aliyefungwa miguu, na mtungi wa maziwa yaliyoganda. Jioni basi lile lile lilirudi na sukari, majani chai na sabuni, na pengine bahasha iliyokabidhiwa mtu wa kijiji kimoja. Ndani ya bahasha mlikuwa na pesa, na pamoja na pesa mlikuwa na barua.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka wa 2007, pesa husafiri peke yake. Sitaki nieleweke vibaya. Ni mama gani leo angetaka kurudi zama za kumngoja mjomba wa jirani afike na bahasha iliyofunguliwa? Hata hivyo, pesa ilipopata njia yake yenyewe, vile vitu vingine vilivyokuwa vikifuatana nayo vilibaki njiani. Barua ilikufa, na kapu likafuata. Kilichobaki ni ujumbe mfupi kwenye simu unaokwambia umepokea kiasi fulani, na salio lako ni kiasi fulani. Hapo si ajabu mume na mke kuzungumza kama karani na mteja.

Chakula cha kutumiwa aliye mbali si jambo lililoletwa na wageni, kwa hivyo asikutishe mtu kwamba unaiga Wazungu. Waulize wanafunzi wanaotoka Garissa na Wajir wanachofungua chumbani wiki ya kwanza ya muhula. Ni nyirinyiri, zile nyama za ngamia au ng'ombe zilizokatwa vipande vidogo, zikakaushwa, zikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, zikakaa miezi bila friji. Waluo wana aliya, nyama iliyokaushwa juani, pamoja na omena. Pwani kuna visheti na kashata, ambavyo msafiri hufungiwa kabla ya kupanda basi au chombo. Ukivitazama vyote hivi utaona vina siri moja. Maji yametolewa, na pasipo na maji kuvu haiwezi kuota. Siri hiyo ndiyo itakayotuongoza katika kuchagua biskuti.

Wageni nao wana visa vyao. Waaustralia na watu wa New Zealand wana biskuti waziitazo Anzac, kwa jina la majeshi yao ya Vita Vikuu vya Kwanza. Huokwa kwa shayiri ya oti, nazi, siagi na sharubati nzito ya sukari, wala haziwekwi yai, ndiyo sababu hudumu sana. Huko Australia jina hilo linalindwa na sheria hata leo, na mwokaji haruhusiwi kubadilisha biskuti hizo apendavyo kisha aziuze kwa jina la Anzac. Marekani nako kulikuwa na bibi mmoja, Ruth Wakefield, aliyekuwa na mkahawa uitwao Toll House katika mji wa Whitman, jimbo la Massachusetts. Katika miaka ya 1930 alitia vipande vya chokoleti katika biskuti zake. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, wanajeshi wa jimbo hilo walitumiwa biskuti hizo na jamaa zao, wakagawana na wenzao wa majimbo mengine, na wale wenzao wakaandika nyumbani kuagiza zao. Hivyo ndivyo zilivyoenea nchi nzima.

Lakini chokoleti tuiache huko huko Massachusetts. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, na Lodwar mchana hupita nyuzi 35 bila taabu. Mwalimu wetu atafungua mkebe akute tope. Sukari ya kupaka juu pia haifai, wala jemu katikati. Hata vileja, ambavyo mimi binafsi navipenda kuliko biskuti nyingine yoyote, sikushauri kuvituma. Kileja cha unga wa mchele kilichopikwa sawasawa huvunjika kikitazamwa tu, sembuse kutupwa juu ya keria ya basi.

Kifaacho ni nankatai. Jina hili tulilipata kwa ndugu zetu wenye asili ya Kihindi na leo utazikuta katika nyumba nyingi za Mombasa, hasa wakati wa Idi. Hazina yai, hazina maziwa, hazina hata tone la maji. Zinatumia samli, na hapo ndipo penye maana. Katika kila gramu 100 za siagi ya kawaida mna takriban gramu 16 za maji, ilhali samli imekwisha chemshwa maji yakatoka karibu yote. Biskuti ya samli iliyokauka vizuri, ikifungwa pasipoingia hewa, itakaa majuma matatu na bado itakuwa na ladha ya kueleweka.

Chukua unga mweupe wa ngano gramu 250, yaani vikombe viwili vya kawaida visivyoshindiliwa. Chukua ule wa chapati, si ule uliotiwa hamira tayari, ambao utazifanya biskuti zifure na kupasuka. Ongeza suji gramu 50, kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyotwangwa wakati huo huo, nusu kijiko cha chai cha bekin poda, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Kando, chukua samli gramu 175, iwe imeganda kiasi, isiwe maji, uipige pamoja na sukari laini ya unga gramu 125. Hapa ndipo wengi huharakisha. Ipige kwa mwiko dakika nane hadi kumi, mpaka igeuke rangi iwe nyeupe na nyepesi kama povu. Kule kupiga ndiko kunakoingiza hewa itakayoifanya biskuti kuwa laini mdomoni ingawa haina yai. Kisha mimina unga kidogo kidogo, ukichanganya kwa vidole. Usikande kama chapati. Donge likishikana tu, acha. Likikataa kushikana, ongeza kijiko kimoja cha samli, wala usidanganyike kuongeza maji.

Finyanga madonge madogo kama limau changa, uyabonyeze kidogo, na katikati ya kila moja uweke kipande cha lozi au cha karanga. Karanga ni rahisi na mwalimu hatalalamika. Utapata kama 30 hivi. Yapange yakiachana, uyaache mahali penye ubaridi nusu saa, kisha uoke katika tanuri lenye joto la nyuzi 160 hadi 170 kwa muda wa dakika 20 hadi 25. Zitolewe zikiwa na rangi ya maziwa mazito, na chini ziwe zimeanza kuwa za hudhurungi. Zitakuwa teketeke zitokapo, na mtu asiyejua atadhani ni mbichi azirudishe motoni. Ziache juu ya sinia zigande zenyewe.

Usiye na tanuri, nawe hujaachwa nje. Bibi zetu wa Pwani wameoka mikate na keki karne na karne kwa kupalia makaa, moto kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Tandaza mchanga safi uliokaushwa katika sufuria kubwa, unene wa vidole viwili, uipashe moto dakika 15, kisha weka kisahani cha bati chenye biskuti juu ya mchanga, ufunike na kupalia makaa juu. Itakubidi uoke mara nne au tano kwa sababu sinia ni ndogo. Fungua madirisha, kwani moshi wa makaa huua watu katika vyumba vilivyofungwa, na hakuna biskuti yenye thamani hiyo.

Sasa tufike kwenye kufunga, ambako kazi nyingi nzuri huharibikia. Biskuti zikishatoka motoni zingoje saa mbili kamili kabla ya kuingia mkebeni. Biskuti yenye vuguvugu hutoa mvuke, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, na siku ya tatu utakuwa umemtumia mumeo ukungu wa kijani. Usichanganye aina mbili katika mkebe mmoja, ngumu na laini, kwa sababu ngumu hufyonza unyevu wa laini na zote mbili huharibika. Za tangawizi nazo zisikae na za iliki, maana baada ya siku mbili zote huwa za tangawizi.

Mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana ndio bora. Ule ulionunuliwa na biskuti za dukani Krismasi, ambao sasa umejaa nyuzi na sindano, utoe nyuzi uuoshe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo tumia karatasi ya kuokea isiyopitisha mafuta. Zifunge biskuti mbili mbili, mgongo kwa mgongo, kila jozi katika karatasi yake, uzipange zikiwa zimesimama ubavu kama sahani katika kabati, si kwa kulala. Zilizosimama huvumilia mtikiso kuliko zilizolala. Mapengo yajaze kwa karatasi zilizokunjwakunjwa. Wamarekani wengine hujaza kwa bisi, nami nasema bisi huita sisimizi. Gazeti hili ukishalisoma lote linatosha, ila lisiguse chakula chenyewe kwa ajili ya wino. Funga mkebe, kisha utikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uongeze karatasi. Halafu weka mkebe ndani ya katoni iliyo kubwa kidogo kuliko wenyewe, nayo uijaze pembeni.

Kutoka Nairobi hadi Lodwar ni karibu kilomita 700, na njia ya kawaida ya basi ni kupitia Kitale, kisha kushuka Kapenguria na kuingia Turkana. Pelekeni kifurushi katika ofisi ya mizigo ya basi mapema, si dakika ya mwisho ambapo makuli wanarusha kila kitu juu. Andika jina lake kama lilivyo katika kitambulisho, nambari yake ya simu na yako, pande mbili za katoni kwa kalamu ya wino usiofutika, kwani kibandiko hubanduka. Dai risiti na umsomee mumeo nambari yake kwa simu. Chagua siku ambayo kifurushi hakitafika Ijumaa jioni kikalala ofisini hadi Jumatatu katika joto lile.

Na hapa naomba nikuonye, dada yangu, kwa sababu mwisho wa barua yako uliandika kwamba hujui kama bado anakuona. Tuma mkebe kama zawadi, usiutume kama mpelelezi. Usimpigie kondakta kumuuliza ni nani alikuja kuuchukua, na kama alikuwa peke yake. Ikiwa una shaka kuhusu mwenendo wa mumeo huko aliko, hilo ni neno la kuulizwa kwa kinywa, ana kwa ana, na nauli ya basi hilo hilo itakufikisha. Nimesoma barua za kutosha katika ukurasa huu kujua kwamba mwanamke anayehesabu biskuti zilizoliwa na ambazo hazikuliwa hajapata jibu alilokuwa akilitafuta.

Tena usiseme kitu kwenye simu ila ile nambari ya risiti. Ndani ya mkebe, juu kabisa, weka karatasi. Sikwambii uandike mashairi. Mwandikie mambo ambayo simu ya saa tatu haipati nafasi ya kuyabeba: kwamba kifungua mimba wako ameanza kuvaa viatu vyake na vinambana, kwamba mdogo huuliza kila basi linalopita kama linakwenda kwa baba, kwamba bomba la jikoni lilipasuka ukalitengeneza mwenyewe. Usitaje pesa hata mara moja. Ukiweza, waache watoto wafinyange madonge matano kwa mikono yao, na uyaoke yalivyo, yakiwa na alama za vidole. Atayajua.

Walio na wapenzi nje ya nchi wana kazi ya ziada. Posta watakupa fomu ya forodha, nayo huitwa CN22 kwa vifurushi vidogo visivyozidi kilo mbili. Andika ukweli na uandike wazi: biskuti zilizookwa nyumbani, zawadi, uzito kadhaa. Ukiandika "vitu vya nyumbani" tu, umewakaribisha maafisa kufungua. Kwa wale walio Dubai au Abu Dhabi, msinyunyize khashkhash juu ya biskuti, hata kama ndivyo mama alivyokufundisheni. Mbegu hizo zimepigwa marufuku katika Falme za Kiarabu kwa kuwa zinatokana na mmea wa afyuni, na huko hawatanii. Nchi za Ulaya haziruhusu nyama na maziwa kuingia kwa vifurushi vya watu binafsi, ila biskuti kavu zisizo na nyama hupita. Nyirinyiri kwa hivyo iacheni. Uliza Posta kwanza nchi unayotuma inachukua siku ngapi, kisha upige hesabu: majuma matatu ndiyo mwisho wa nankatai, na kama ni zaidi ya hapo, mtafute msafiri anayekwenda.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ambao najua mnasoma ukurasa huu kwa wizi mkiwa mezani kwa wazazi, neno moja. Mkopo wa HELB haukutolewa kwa ajili ya samli. Kama mpenzi wako yuko Maseno nawe uko Eldoret, gawanyeni vipimo nilivyotoa kwa nusu, mwaombe wenzenu mnaokaa nao nyumba moja nje ya chuo wachange makaa, na biskuti 15 zinatosha. Anayependa biskuti 30 na kukataa 15 huyo anapenda biskuti. Wavulana pia mna mikono. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba msichana ndiye aoke na mvulana ndiye afungue, na mwalimu wa Lodwar, ikiwa mkewe ataruhusu asome gazeti hili, anaweza kuanza na maji, unga na jiko la mafuta ya taa alilo nalo.

Jambo la mwisho ni kuhusu mama mkwe. Usioke akiwa amelala au ameenda kanisani kana kwamba unaiba. Mpe iliki aitwange. Mama anayejua kutwanga iliki hawezi kukaa kando akiona mtu anaitwanga vibaya, na kabla hujafika kwenye suji atakuwa ameshachukua mwiko. Mwulize kama naye ana la kumtumia mwanawe, liwekwe pembeni mwa katoni. Ikiwa ni soksi, ziwekeni soksi, zitasaidia kuzuia mkebe usigonge.

Na mkebe usisahauliwe. Andika chini yake kwa ndani, mahali atakapopaona biskuti zikiisha, kwamba unatakiwa urudi Umoja na usirudi mtupu. Turkana wanasuka vikapu vizuri vya mkoche, na samaki wakavu wa ziwani hufika Lodwar kila siku. Aamue mwenyewe. Akiurudisha, niandikie unijulishe ulikuwa na nini.